Bwana Mkubwa Yumo Msituni

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya safari ya msituni, hedimasta alifungua daftari lake jeusi mbele ya baba yangu, akaandika kwamba nikifanya mzaha mwingine, hata mmoja, nitoke shule na nisirudi. Baba akatia sahihi. Mie nikatia sahihi chini yake. Kosa lilikuwa upupu. Ni nani hasa aliyeupaka kwenye kiti cha mwalimu wa hesabu sitasema, maana jambo lenyewe limeshakwisha. Nitasema tu kwamba siku ile mwalimu wa hesabu alitufundisha kugawanya huku anacheza ngoma isiyo na mpigaji, na darasa zima lilielewa kugawanya kuliko siku zote.

Njiani kurudi nyumbani baba hakunigombeza. Yeye ni fundi cherehani, ana baraza lake pale Temeke. Alisema neno moja tu:

"Shule ikikutema, cherehani ipo."

Asiyenijua ataona hiyo si adhabu, ni urithi. Lakini mie likizo moja nilipewa kanzu ya mteja nipinde upindo wa chini. Nikaiweka mapajani, nikashona kwa bidii, nikamaliza, nikainuka kumpa mwenyewe, nikajiona nimeishona pamoja na kaptura niliyovaa. Mteja akavuta huku, mie nikavutika kule, na watu wa mtaa mzima wakakusanyika. Tangu siku hiyo naiogopa sindano kuliko bakora. Nilitaka kuingia darasa la nane, nifanye mtihani, nipate kazi yoyote isiyokuwa na uzi ndani yake. Basi nikaapa kuwa mtu mwema, na kwa siku kumi na tatu nikawa mtu mwema kweli, mpaka mama akaniuliza kama naumwa.

Siku ya kumi na nne tukapelekwa msituni.

Ni msitu wa serikali, mbele ya Chanika. Nikisema msitu msije mkafikiria miti mirefu na giza. Ni vichaka vya pwani: miiba, vijiti vilivyosukana, mibungo inayojinyonga juu ya kila kitu, na hapa na pale mti mmoja mrefu umesimama kama aliyefika sherehe ambayo si yake. Huruhusiwi kukata fito, wala kuchoma mkaa, wala kutega mnyama. Watu wa vijiji vya jirani wanauona mkubwa wanapoulizwa mipaka yake, na mdogo wanapotafuta kuni.

Mwalimu aliyetupeleka alikuwa wa elimu ya viumbe, mtu wa bara, mpole, na Kiswahili chake kimenyooka kama kilichopigwa pasi. Sie wa pwani tunameza nusu ya maneno. Yeye aliyatamka yote mpaka mwisho, kama anayeogopa kuacha herufi nyuma ikapotea. Siku hiyo alivaa tai. Viatu vyake vya turubai alivipaka chaki mpaka vikang'aa. Tulijua kwa nini. Ilisemekana Mzungu wa misitu, ambaye watu humwita Bwana Miti, huenda akapita siku hiyo kukagua. Mwalimu alikuwa anaomba nafasi ya kwenda masomoni, na ombi la namna hiyo linapenda sana neno zuri la mkubwa.

Lori likatushusha barabarani, wavulana thelathini tumejaa vumbi jekundu mpaka kope. Mwalimu akatutazama, akanichagua mie.

"Nenda kwenye kibanda cha mlinzi wa msitu, umwambie tumefika. Ukienda wewe, hapa tutakuwa na amani kwa dakika kumi."

Mlinzi alikuwa mzee wa Kizaramo, amewahi kuwa askari, na koti lake la kaki lilikuwa limebaki na kifungo kimoja ambacho alikifunga na kukifungua kama ndicho kinachoendesha msitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mko wangapi?"

"Thelathini na mmoja, pamoja na mwalimu."

"Mwalimu mtu wa wapi?"

"Wa bara."

"Ala! Basi nisikilize vizuri, na ukawaambie wote, na mwalimu wako awe wa kwanza. Humo ndani mwenye madoa hatajwi jina. Ukimtaja umemwita, na akiitwa huja. Sie tunamwita Bwana Mkubwa. Mkinisikia nasema Bwana Mkubwa, simameni, shikaneni, mrudi kinyumenyume pole pole. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Sema."

"Bwana Mkubwa ni yule mwenye madoa."

"Basi, usirudie. Yumo tangu juzi. Kamchukua mbwa wangu hapo hapo ulipokanyaga."

Nikahamisha mguu.

Kutoka kibandani mpaka kwenye lori ni kama hatua mia moja. Nilipofika hatua ya hamsini nilikuwa bado mtu mwema. Nilikuwa na ujumbe wangu kichwani umekaa sawasawa, nami naurudia. Hatua ya sitini nikaiona tai ya mwalimu kwa mbali. Hatua ya sabini nikaviona viatu. Nilipofika hatua ya themanini jambo lilikuwa limeshaharibika.

"Amesemaje?" mwalimu akauliza.

"Amesema karibuni, mwalimu. Na Bwana Mkubwa yumo humu msituni tangu juzi. Akisema huyu hapa Bwana Mkubwa, tusimame."

Kila neno kweli! Hata leo naweza kula yamini. Nilijitetea hapo hapo moyoni: daftari jeusi limekataza kufanya mzaha, na mie sikufanya kitu, nimeacha tu. Kuacha si kufanya. Wakili yeyote wa mjini angenishika mkono.

Uso wa mwalimu ukawa kama umewashiwa taa.

"Tangu juzi! Na sisi tumekuja na mashati yananing'inia! Chomekeni. Nyosheni mistari. Wewe, futa pua. Akitokea, wote kwa pamoja: Gudi moni, sa!"

"Gudi moni, sa!" tukaitikia, na kunguru wakaruka.

Mzee akatuongoza ndani. Sikutegemea kupendezwa, lakini nilipendezwa. Alituonyesha njule, mnyama kama panya aliyeazima pua kwa ndovu, akipekua majani makavu kwa ile pua huku inatikisika upande huu na upande huu, kama mtu aliyepoteza sindano. Alipotusikia akapiga mkia chini, pa pa pa, akatoweka. Juu ya mti wa mkongo walikaa mbega wanne, weusi, na manyoya meupe yameshuka mabegani, wakatutazama bila kupepesa. Hondohondo wakapita, mabawa yanavuma kama mtu anakung'uta mkeka. Paa mmoja mdogo akavuka njia kwa miguu myembamba kama njiti, mpaka nikaona haya ya miguu yangu. Mwenzangu mmoja akanyoosha mkono kuchuma bungo bivu.

"Wacha!" mzee akasema. "Hapa hakichumwi kitu."

"Hata bungo, babu?"

"Hata kokwa yake. La mbega hilo. Wewe kwenu huna chakula?"

Mwalimu alikuwa anaandika kila kitu daftarini, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta kofia ya Kizungu. Mwisho akashindwa kuvumilia, akamsogelea mzee. Mie nilikuwa nyuma yao, na mazungumzo yao nimeyahifadhi kama aya.

"Mzee, huyu Bwana Mkubwa tutamkuta upande gani?"

Mzee akamtazama kwa mshangao. "Unataka kumkuta?"

"Ndiyo maana hasa ya kuja kwangu."

"Mashallah," mzee akasema. "Watu wa bara mna moyo."

"Ni mkali?"

"Ukimheshimu, hana neno. Ila usimkazie macho."

"Naelewa. Na amekwisha kula? Tuna machungwa kwenye kapu."

"Hali machungwa huyu."

"Anapenda nini?"

"Mbwa."

"Ndivyo walivyo," mwalimu akasema, akitikisa kichwa kwa ujuzi. "Wote wanapenda mbwa sana."

"Wangu kamchukua juzi."

"Kamchukua? Hakukuomba?"

"Aniombe mie nani?"

"Basi ihesabu kuwa ni heshima, mzee wangu. Huenda siku moja akakukumbuka."

Mzee akasimama kabisa. Akamtazama yule mtu mwenye tai kuanzia juu mpaka kwenye viatu vya chaki, akafungua kifungo chake, akakifunga, tukaendelea. Mie nilikuwa nimejiuma mkono mpaka meno yameacha alama. Wenzangu wakaniuliza nalia nini. Nikasema mwiba.

Tulipofika mahali njia inapobanwa na vichaka pande zote mbili, ndege wakanyamaza. Mzee akainua mkono. Akainama akatazama mchanga, akainuka pole pole, na sauti yake ikawa ndogo:

"Bwana Mkubwa yumo kichakani hapa. Anatutazama."

Darasa likasimama, maana ndivyo lilivyoagizwa. Mwalimu hakusimama. Akakaza tai, akapangusa kiatu kimoja nyuma ya mguu wa suruali, kisha cha pili, akaanza kwenda kwenye kile kichaka, mkono wa kulia tayari ameutanguliza. Mzee alitoa macho lakini hakutoa sauti. Nadhani mpaka dakika ile aliamini kwamba bara ndivyo wanavyofanya.

Nitasema ukweli. Sikumfikiria mwalimu kwanza. Kwanza niliiona sindano. Nikisema, nimekiri, na daftari jeusi linanisubiri. Nisiposema, na mwenye kichaka akawa hana njaa, hakuna atakayejua. Kisha nikaiona shingo ya mwalimu kwa nyuma, imenyolewa vizuri asubuhi ile, na sabuni kidogo imekaukia karibu na sikio. Nikapiga kelele:

"Mwalimu, rudi! Bwana Mkubwa ni chui!"

Mzee akajishika kichwa kwa mikono miwili kwa kusikia jina. Mwalimu akageuka, na sijawahi kuona mtu mpole amekasirika vile.

"Hata hapa? Hata mbele ya mgeni? Nilikuonea huruma nikakuleta. Basi huu ndio mzaha wako wa mwisho. Tukirudi, daftari."

"Mwalimu, wallahi..."

"Nyamaza!" Akakigeukia kichaka, akainamisha kichwa kidogo, akasema kwa sauti nzuri: "Gudi moni, sa!"

Kichaka kikajibu. Ilikuwa sauti ya msumeno mkubwa unaopasua ubao mbichi: unakwenda, unasita, unarudi.

Sikujua kwamba mtu anaweza kupanda mkwaju akiwa na tai. Nilipopepesa jicho darasa lote lilikuwa juu ya miti, na mwalimu yuko juu kuliko darasa. Kiatu kimoja cha chaki kilianguka peke yake, baadaye. Mie nilibaki chini. Haukuwa ushujaa, miguu ilikataa kupokea amri. Mzee ndiye aliyesimama imara, akagonga rungu lake juu ya gogo, akasema kwa adabu, "Tunapita, Bwana Mkubwa, tunapita tu, ni watoto wa shule." Msumeno ukanyamaza. Nikaona mkia, ncha yake imekunjwa juu kidogo, unaondoka na mwenyewe bila haraka.

Mzee akangoja kitambo, kisha akatazama juu.

"Shukeni. Mwenyewe hupanda miti kuliko nyie. Mngekuwa mmemwandalia sinia."

Wakashuka. Mwalimu akashuka wa mwisho, na suruali ikabaki kidogo mtini.

"Mwalimu," mzee akasema, "mie nina miaka mingi humu. Mtu wa kumpa mkono sijamwona bado."

"Nilidhani ni Bwana Miti."

"Bwana Miti! Mbona nilimwagiza huyu kijana awaambieni? Nikisema Bwana Mkubwa, ndiye mwenye madoa. Na alirudia mbele yangu!"

Macho sitini na kitu yakanigeukia. Hata mbega walitazama.

"Ulijua?" mwalimu akauliza.

"Nilijua, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu kibandani."

Akailegeza tai pole pole. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Piga magoti hapo. Mikono juu. Yatakayobaki ni ya hedimasta."

Nikapiga magoti chini ya mkwaju. Mzee akaenda mbele kutazama kama njia ni salama, wenzangu wakawa wanasimuliana nani alikimbia wa kwanza, na mie nikawa naona baraza la baba. Niliona kiti changu kiko wapi. Niliona mpaka rangi ya uzi.

Ghafla mzee akarudi anakimbia, anahangaika na kifungo, anaita:

"Bwana Mkubwa! Bwana Mkubwa anakuja! Huyo anakuja!"

Darasa lilikuwa limeshajifunza somo lake. Sekunde mbili hazikupita, miti ikajaa tena, na safari hii mwalimu aliwapita wawili njiani. Mie nikafumba macho nikaanza kusoma shahada. Nilipoyafumbua sikuona madoa. Niliona soksi ndefu, kaptura iliyopigwa pasi, na juu kabisa uso mwekundu chini ya kofia. Mzee alikuwa amesimama kando, mikono ubavuni, kama mwimo wa mlango.

"Wewe," Bwana Miti akasema. "Mwalimu iko wapi?"

"Juu, sa."

"Na watoto?"

"Juu, sa."

"Kwa nini?"

Hakuna jani lililotikisika. Na mie nilikuwa na neno moja tu la kweli la kusema, na kila aliyekuwa juu alilijua. Nadhani ni ulimi wenyewe ulioamua. Mie nilikuwa nimeshachoka kuamua.

"Wanasoma miti, sa. Mwalimu wetu anasema mti hausomwi kwa kusimama chini."

Bwana Miti akainua kofia, akatazama juu.

"Mwalimu! Hii mti gani?"

Kisha sauti ikatoka ndani ya majani, imetamkwa vizuri mpaka mwisho: "Mkwaju, sa!"

"Na wewe mtoto?"

"Mkongo, sa!"

"Na wewe?"

Huyu tulimjua, hakuwahi kujibu swali lolote tangu darasa la tano. "Mti, sa!"

Bwana Miti akacheka mpaka masikio yakawa mekundu zaidi. Akatoa kitabu kidogo mfukoni akaandika, huku anasema vizuri sana, vizuri sana, mwalimu namna hii hajamwona. Kisha akaniona tena.

"Na hii kijana, kwa nini napiga magoti?"

Nikainua macho. Nilichoweza kukiona ni kiatu kimoja cheupe, na kando yake soksi yenye dole gumba nje. Sasa neno lilikuwa la mwalimu. Alikuwa na haki ya kulisema, na mie nisingemlaumu.

"Huyo," mwalimu akasema kutoka juu, akakohoa kidogo. "Huyo anachunguza mizizi, sa."

Nikashusha mikono upesi nikaanza kufukua udongo kwa bidii ambayo hata baba hajawahi kuipata kwangu.

Jumatatu hedimasta akatuita wote wawili, mie na mwalimu. Bwana Miti alikuwa ameshapeleka salamu za kusifu, na hedimasta alikuwa na furaha, lakini daftari jeusi lilikuwa mezani.

"Na huyu? Amefanya mzaha?"

Mwalimu akatazama dirishani kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

"Hapana, hedimasta. Palikuwa na uzembe wa kufikisha ujumbe. Huo nitaumaliza mwenyewe."

Akaumaliza nyuma ya stoo ya majembe, viboko sita. Sikuvikataa. Cha tano na cha sita vilikuwa vya mzee wa msitu, alisema, kwa sababu mzee alitutunza na mie nilimfanya aonekane mpumbavu. Hilo sikuwa nimelifikiria, na liliuma kuliko fimbo yenyewe.

Tulipomaliza hakuondoka. Akageuza debe akakaa, akatoa lile daftari lake la msituni. Nikaona ameandika safu mbili, majina ya kitabuni upande mmoja, majina ya porini upande wa pili.

"Mzee alinifundisha mengine kabla hatujaondoka," akasema. "Nyoka nilisahau kumwuliza. Kwenu, usiku, nyoka mnamwitaje?"

"Kamba, mwalimu."

Akaandika. Kisha kalamu ikasimama.

"Kamba?"

"Ndiyo, mwalimu. Usiku hasemwi nyoka, husemwa kamba. Hata bibi yangu. Wallahi kweli."

Akanitazama usoni, jicho hili, kisha jicho hili, kama anayesoma mwandiko mbaya. Mie nikajitahidi kuonekana msema kweli, na sijui kwa nini, nikijitahidi hivyo ndipo mdomo hutaka kucheka. Mwalimu akaikata ile kamba kwa mstari mmoja, akafunga daftari, akaenda jikoni kumwuliza mpishi wa shule.